Breki Zilizonukia Langilangi

Niliwahi kumpiga mtu mzima, baba wa watoto wanne, kwa sababu ya chujio la dizeli. Nilimkuta hajafungua kizibo cha chini kumwaga maji, naye ameshawasha injini, na kabla hajateremka vizuri kutoka kwenye kiti nilikuwa nimeshamshika ukosi. Nilimchapa mbele ya wenzake. Kisha nikakifungua kile kizibo mwenyewe, nikakinga kopo, nikamwonyesha maji yaliyotoka, nikamwambia maji hayo yangefika kwenye pampu ya dizeli lori lingemfia njiani. Niliyomwambia yalikuwa kweli tupu. Kwa miaka mingi nilidhani kweli ile inatosha.

Nilizaliwa Tanambao, Mahajanga, kwa wazazi Wangazija. Nyumbani tulisema Kingazija, barabarani Kimalagasi, kazini Kifaransa, na matusi nilikuwa nayo kwa lugha zote tatu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, Tanga, kwa mke niliyemwoa huko, na yeye ndiye aliyenishikia kalamu. Amechoka kunisikia nikijigamba kwamba nilikuwa fundi mkuu wa malori makubwa. Anasema haya, ukisimulia, simulia yote.

Uhuru ulipoingia, fundi mkuu wetu, Mfaransa, alifunga masanduku yake akarudi kwao, na kampuni yetu ya malori ikanipa mimi nafasi yake. Alikuwa akitupiga kwa kipande cha mkanda wa feni. Kazi alinifunza, sikatai. Alinifunza kupima oili injini ikiwa baridi, kugonga tairi kwa nyundo na kusikiliza, kupampu grisi mpaka ile kuukuu itoke nyeusi na mpya ianze kuchungulia. Kila somo lilikuja na kipigo chake, hata nikaamini kwamba bila maumivu kitu hakikai kichwani. Alipoondoka, ule mkanda aliuacha ukining'inia kwenye msumari wa gereji. Nikauchukua pamoja na spana zake.

Kampuni ikanipeleka kisiwani Nosy Be, kwenye gereji yake ya malori sita. Wakati wa mavuno tulibeba miwa, na miezi mingine mapipa ya mafuta ya langilangi kutoka kwenye vinu vya kupikia maua hadi bandarini Hell-Ville. Barabara zile ni mlima na mteremko, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Lori lisilotunzwa huko ni jeneza. Kwa hiyo kila asubuhi niliwapanga madereva mstari, kila mtu akakagua lori lake mbele yangu: oili, maji ya rejeta, nati za magurudumu, mkanda wa feni, chujio, grisi ya springi, halafu kikopo cha mafuta ya breki. Kikopo hicho nilitaka kifunguliwe kifuniko, mtu atie macho na atie pua. Mafuta yakibadilika rangi au harufu, dereva aje aniambie. Hiyo ilikuwa amri yangu mwenyewe, na aliyeivunja alionja mkanda.

Dereva mmoja Msakalava, mwenyeji wa kisiwa, aliyeshika usukani tangu mimi navaa kaptula, siku moja alinikosoa. Nilikuwa nafunga chujio la oili, akasema kwa adabu kabisa, lakini mbele ya watu, kwamba raba yake nimeiweka imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Nikaitoa, nikaiweka sawa, nikakaza bolti, nikafuta mikono, halafu nikaenda kwenye msumari. Nilimpiga mpaka akakaa chini na kujifunika kichwa kwa mikono. Nikamwambia kazi yake ni usukani na ya injini ni yangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kunikosoa, nami nikajipongeza kwamba sasa gereji ina heshima.

Shemeji yangu alikuja mwaka wa pili. Alikuwa mtu wa Katsepy, ng'ambo ya ghuba ya Mahajanga, amemwoa mdogo wangu wa kike, na walikaa Tanambao katika chumba cha uani kwa mama. Leseni ya malori makubwa aliipata baada ya miaka mingi ya kupakua magunia bandarini. Alipoipata aliifunga kwenye kitambaa akaitia mfuko wa shati, na kila baada ya muda utaona mkono unakwenda mfukoni kuhakikisha ipo. Mtu mpole, maji ya mtungi. Mama aliniomba nimpe lori, nikampa. Mdogo wangu alimsindikiza mpaka melini siku ya kuondoka, mimi nikiwa nimekwenda kumchukua, akanivuta pembeni.

"Kaka, huyu usimpige," akaniambia.

Nilicheka. Shemeji nilimweleza kwamba gerejini mimi ni fundi, ushemeji tutakutana nao kwenye sinia la wali. Akasema sawa, na tangu hapo gerejini aliniita fundi.

Nisimdhulumu: hakuna dereva aliyelitunza lori kama yeye. Alifika kabla ya wenzake, akapiga magoti kwenye matope kupampu grisi mahali ambapo wengine walipapaka tu juu juu ili mimi niridhike. Akigonga tairi, alisikiliza kama mtu anayebisha hodi. Nilimtafutia kosa kwa miezi nikalikosa, na hilo nalo likaniudhi, maana wenzake walianza kuuliza kama mkanda unajua ndugu. Siku moja nikampiga kofi kwa sababu kitambaa cha kufutia kilikuwa kichafu. Wenzake wakaridhika. Yeye alikwenda kukifua kitambaa.

Mvua zilipoisha tulitumwa bara kuchukua mashine, tukavushwa na tishari hadi bandari ya Antsahampano. Kurudi, maji yalikuwa yamekupwa, mlango wa tishari ukabaki mbali na nchi kavu, na lori la shemeji likabidi lipite baharini kulifikia. Chumvi ilifika juu ya ekseli. Lori likishaoga bahari, dereva analiosha kwa maji baridi na kupampu grisi yote upya, lakini breki ni kazi ya fundi. Nikaliweka juu ya magogo, nikavua magurudumu, nikafungua pampu kuu ya breki na pampu ndogo za magurudumuni, nikatoa raba zake. Raba zenyewe ni vikombe vidogo vyeusi, vya ukubwa wa kifuniko cha chupa, na ndizo zinazosukuma mafuta mguu unapokanyaga pedali. Haziguswi na petroli wala dizeli, kwa sababu zitavimba na kuoza. Zinaoshwa kwa spiriti, au kwa mafuta ya breki yenyewe. Mfaransa alinichapa mara mbili mpaka hilo likakaa.

Spiriti ilikuwa imekwisha, na mafuta ya breki yalibaki ya kutosha kujaza tu. Lakini kila gereji ya Nosy Be ilikuwa na chupa ya mafuta ya langilangi, yale yanayotoka mwisho wa kupika maua, ambayo wanunuzi hawayataki. Mafundi wote tuliyanawia mikono. Yanakata grisi kuliko sabuni, na mtu anarudi nyumbani ananukia kama bwana harusi. Nikasema moyoni, ua si petroli. Nikayamimina kwenye bakuli, nikaziloweka raba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, zikatoka safi zinang'aa. Nikafunga kila kitu, nikajaza mafuta, nikatoa hewa, nikakanyaga pedali. Ilikuwa ngumu, vizuri kabisa. Nilijiona mjanja kuliko Mfaransa.

Baada ya siku kumi hivi, shemeji alinijia. "Fundi, breki zinashika zenyewe. Nikitoa mguu haziachii, magurudumu yanachemka."

"Unapumzisha mguu kwenye pedali," nikamwambia.

"Hapana, fundi."

Ile hapana niliijibu kwa kofi. Wiki iliyofuata alirudi, na safari hii alisimama hatua tatu mbali nami. Alisema sasa pedali imelainika, inazama. Nikamuuliza kama amekagua kikopo. Akasema amekagua, mafuta yapo. Nikamuuliza yana nini. Akaitazama mikono yangu, akasema hayana kitu. Nikamwambia basi aende kazini, asiniletee uvivu wa Katsepy. Akapanda lori akaenda.

Siku ya tatu yake, kabla ya adhuhuri, nilikuwa bandarini Hell-Ville nikingoja pipa la oili, nikasikia honi isiyokatika. Barabara pale inateremka moja kwa moja hadi gatini, na gati lilikuwa limejaa wapagazi, akina mama na vikapu vyao, abiria wa boti. Lori la shemeji lilikuwa linakuja na shehena ya mapipa. Nilimwona amesimama karibu wima juu ya pedali. Nilisikia gia ikilia akiishusha kwa nguvu, nikasikia hendibreki ikikwaruza, lori likapungua mwendo lakini halikusimama. Watu walikuwa bado hawajatawanyika. Akakata usukani, akaligongesha kwenye ukuta wa mawe wa ghala.

Kamba za mzigo zilikatika. Mpakiaji mmoja, mtu wa makamo aliyekuwa amekaa juu ya mapipa, alitupwa chini na pipa likamwangukia mguuni. Mguu ule ulikatwa kesho yake. Pipa jingine lilipasuka, mafuta ya langilangi yakatapakaa gati zima, damu ya mpakiaji ikawa inatambaa ndani yake, na yeye analia na harufu ya harusi imejaa kila mahali. Mke wangu anajua asiyapake mafuta hayo nikiwa nyumbani.

Nilikimbia. Mpakiaji alikuwa karibu nami zaidi, nikampita. Nilikwenda kwenye mlango wa dereva. Shemeji alikuwa bado ameukumbatia usukani, mdomo unamtoka damu, anasema, "Zimekataa, fundi. Zimekataa." Nikachomoa ufunguo wa lori, nikamvuta chini kwa shati, nikaanza. Nilimpiga ngumi za uso, na ufunguo ulikuwa bado ndani ya ngumi, umechomoza kati ya vidole. Watu wengi nimewaambia kwamba niliusahau. Uongo. Ulinichoma kiganja nilipopiga ngumi ya kwanza, nikajua upo, nikapiga ya pili, na ya tatu. Nilimpiga teke alipoanguka. Watu wanne ndio walioniondoa juu yake. Yeye hakurudisha hata pigo moja. Alikaa ndani ya yale mafuta, mkono juu ya jicho la kushoto, na kilichopita kati ya vidole vyake hakikuwa damu peke yake.

Hospitalini daktari alisema jicho limekwisha. Polisi nao wakauliza swali lao: mtu amepoteza mguu, nani mwenye kosa? Kama breki zilikuwa nzima, kosa ni la dereva, na shemeji anakwenda jela na leseni yake inachanwa. Na mtu wa kusema kama breki zilikuwa nzima alikuwa mimi. Waliniagiza niifungue pampu, nitoe raba, niende na maelezo yangu ofisi kuu Mahajanga.

Niliifungua nikiwa na hakika. Wallahi, niliomba nimkute na kosa, kwa sababu jicho lile lilikuwa linanidai sababu. Nilipoondoa kifuniko cha kikopo, harufu ikanipanda puani. Nikadhani ni mikono yangu. Nikanawa kwa sabuni mara mbili, nikarudi, nikainama. Harufu ilikuwa mle ndani. Nikatoa raba ya pampu kuu. Ilikuwa imevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, na nilipoibana kidogo ikachanika. Nilikaa chini sakafuni nayo mkononi.

Raba mpya za akiba zilikuwa zimeshafika, ziko rafuni. Kuzipaka uchafu kidogo na kusema ndizo nilizozitoa ingekuwa kazi ya dakika tano, na nani angejua? Nilizishika kabisa. Kisha nikaziacha, nikazifunga zile mbovu kwenye kitambaa, nikapanda meli ya Mahajanga bila kujua nitasema nini. Shemeji alikuwa melini humo humo, bendeji imemzunguka kichwa, polisi mmoja pembeni yake. Nilimpelekea chai. Hakuikataa, aliipokea kwa mikono miwili akasema ahsante, fundi. Ningependa angenimwagia usoni. Njia nzima mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye mfuko wa shati, unarudi, unakwenda tena.

Mahajanga tulimkuta mkurugenzi, karani wake na ofisa wa polisi. Shemeji alikalishwa nje kwenye benchi. Ofisa akaniuliza bila kuzunguka: breki zilikuwa nzima? Nilijua nikisema ndiyo, ninabaki fundi mkuu na hakuna atakayeniuliza tena. Nikakitoa kitambaa, nikazimwaga raba mezani.

"Dereva hana kosa," nikasema. "Niliziosha mimi, kwa mafuta ya langilangi."

Karani alicheka, alidhani ni mzaha. Mkurugenzi aliokota moja, akainusa, akaiweka chini, akaniambia nisirudi Nosy Be. Ofisa akaandika jina langu mahali palipokuwa na la shemeji, na kweli baadaye nilifungwa miezi kadhaa kwa ajili ya mguu wa yule mpakiaji. Shemeji aliachiwa papo hapo. Lakini alipoomba leseni yake, ofisa aliitazama ile bendeji, akasema mtu wa jicho moja haendeshi lori kubwa, akaitia kwenye droo. Shemeji alibaki amenyoosha mkono kwa muda, kisha akaushusha, akaondoka.

Mimi walinibakiza niweke sahihi, kwa hiyo niliondoka nyuma yake. Nilitembea kwenda Tanambao nikiwa mwepesi, hata aibu naona kuandika. Nilijiona mwema. Nilikuwa nimemwaga unga wangu mwenyewe kwa ajili yake, nimesema kweli mbele ya wakubwa, nimemwokoa na jela. Nilikuwa natarajia anishike mkono. Nilitarajia mdogo wangu alie kidogo, kisha anisamehe, na mama aniwekee chakula.

Niliwakuta uani. Shemeji amekaa kwenye kigoda, mdogo wangu amepiga magoti mbele yake anambadilisha kitambaa cha jicho, beseni la maji ya chumvi liko chini. Hakuna aliyenikaribisha. Nikasimama pale pale nikasema yote: bakuli, langilangi, raba zilizovimba, niliyoyasema ofisini. Nilisema kosa ni langu. Mdogo wangu aliendelea kufuta, hakuinua uso.

"Najua," akasema shemeji.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni langilangi. Harufu niliisikia asubuhi ya kwanza uliponirudishia lori. Na kila asubuhi nilipofungua kikopo." Alisema taratibu, kwa Kingazija chetu, bila hasira yoyote. "Yale mafuta yako ya kunawia."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Alikuwa amenusa, amejua, na nilipomuuliza kikopo kina nini alikuwa na jibu mdomoni.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Ikabidi ageuze kichwa chote ili anione kwa lile jicho zima. "Nikwambie wewe?" akauliza.

Damu ikanichemka. Mguu wa mpakiaji, kazi yangu, leseni yake, jicho lake mwenyewe, vyote vingepona kwa neno moja, naye akalimeza. Sikujiuliza alilimeza kwa sababu gani. Nilifikiri kitu kimoja tu, kwamba mtu huyu ni mpumbavu na ametuponza sote. Na mkono wangu ukainuka. Msinihurumie kwa kusema labda niliuinua kujishika kichwa. Niliuinua nimpige.

Shemeji hakukimbia. Alileta kiganja chake usoni, akaziba jicho lililobaki, akangoja.